Shemeji ana kansa ya jicho imefika kwenye ini: kwa nini wamchome dawa za kinga kwanza ndipo wampasue?

#1 MtuWaTabata
Wakuu, habari za muda huu. Naombeni akili zenu, hasa mliosomea mambo ya tiba.

Dada yangu ameolewa na Msweden, wako Gothenburg. Shemeji alifundisha ufundi umeme hapa Dar miaka mingi, Kiswahili anakimwaga kama mtoto wa Temeke, na mama yetu hapa Tabata anampenda kama wa kumzaa. Aliwahi kupata melanoma (kansa ya seli za rangi) ndani ya jicho. Wakamshonea kibati kidogo chenye mionzi nyuma ya jicho, kikakaa siku chache, kikatolewa, jicho likabaki. Miaka ikapita, tukasahau kabisa. Sasa kipimo chake cha kawaida cha ini kimekuta madoa, tena mengi.

Kule kuna upasuaji wanaofanya: tumbo linafunguliwa, ini linatengwa na mzunguko wa damu wa mwili, linazungushiwa dawa kali ya kemo kwa mashine kwa muda wa saa moja hivi, kisha wanalisafisha na kulirudisha kwenye mzunguko. Hilo tumelielewa na tumelikubali. Kinachotusumbua ni kwamba aliingia kwenye utafiti, ikapigwa kura, akaangukia kundi la wanaochomwa dawa mbili za kuamsha kinga ya mwili kwanza, ndipo wapasuliwe, halafu dozi zinaendelea. Kundi la pili wanapasuliwa kwanza, dawa za kinga baadaye.

Dada amenipigia analia. Madoa yapo, yanakua, kwa nini wasianze kuyapiga? Mama naye kasema nyumba ikishika moto humwagi maji kwanza? Wao wanaanza kuwafundisha watu kuzima moto! Sikuwa na la kumjibu.

Naomba kuwasilisha.

#2 Kimara_Stopover
Pole sana mkuu. Nakaa hapa nasubiri wajuzi.

#3 Chuma_cha_Pua
Kansa ya ini mara nyingi chanzo chake ni homa ya ini B au sumukuvu kwenye karanga na mahindi yasiyokaushwa vizuri. Kama alikaa Bongo miaka mingi huenda aliipatia huku. Wamcheki homa ya ini B kwanza kabla ya hayo mengine yote.

#4 NesiWaZamu
Pole kaka Tabata, mpe pole na dada.

Mkuu #3, ulichosema kuhusu homa ya ini B na sumukuvu ni kweli kwa kansa iliyoanzia kwenye ini lenyewe, na watu wachanje. Ya shemeji ilianzia jichoni. Yale madoa ya kwenye ini ni seli za jicho zilizosafiri. Ndani ya jicho hakuna mishipa ya limfu kama sehemu nyingine za mwili, kwa hiyo kansa ikitoka inapita kwenye damu, na hii inalipenda ini kuliko kiungo kingine chochote. Wagonjwa wanaosambaa, karibu tisa kati ya kumi inawakuta kwenye ini. Na inaweza kujificha miaka kumi na zaidi ndipo itokeze, ndiyo maana alikuwa anapimwa ini mara kwa mara wakati jicho lilishapona.

Dawa za kansa ya ini ya kawaida si zake. Hapo ndipo watu wengi huanza kutibu ugonjwa usio wao.

#5 Mfamasia_Upanga
Nimefurahi swali limeulizwa vizuri. Jibu langu kwa mama yako, kwa heshima zote: hao wanaofundishwa kuzima moto wanafundishwa kwa kuuona moto wenyewe. Ukiuzima kwanza, utawafundishia nini?

Nieleze. Dawa hizi, ipilimumabu na nivolumabu, haziui kansa zenyewe. Zinaondoa breki kwenye seli za kinga. Ni ugunduzi uliowapa James Allison wa Marekani na Tasuku Honjo wa Japani Tuzo ya Nobel mwaka 2018. Sasa seli ya kinga ili ifanye kazi lazima iujue uvimbe. Uvimbe ukiwa bado mzima mwilini, kuna mengi ya kuyatambua, seli nyingi za aina tofauti zinaamka na kuzaliana, halafu zinazunguka mwili mzima zikitafuta vipande vilivyojificha. Ukishauondoa au kuuteketeza, kilichobaki ni kidogo na mafunzo yanakuwa hafifu.

Na hii si nadharia ya mezani. Kwenye melanoma ya ngozi kuna utafiti wa Marekani, SWOG S1801, ulitoka 2023. Makundi yote mawili yalipewa dawa moja, pembrolizumabu, nayo ni ya kuondoa breki, na idadi ya dozi ni ileile 18. Kundi moja walipewa 3 kabla ya upasuaji na 15 baada. Kundi la pili walipewa zote 18 baada. Baada ya miaka miwili, asilimia 72 ya kundi la kwanza walikuwa hawajapata tatizo jipya la ugonjwa, kundi la pili asilimia 49. Kilichobadilika ni mpangilio tu! Mwaka 2024 ukaja NADINA, dawa hizihizi mbili za shemeji, dozi mbili kabla ya upasuaji: baada ya mwaka mmoja asilimia 83.7 walikuwa hawajapata tatizo jipya, dhidi ya 57.2 ya waliopasuliwa kwanza kisha wakapewa nivolumabu peke yake.

Kwa hiyo hawamcheleweshi. Wanajaribu kuhamisha faida hiyo kwenda kwenye kansa ya jicho.

#6 Kaka_Mkubwa_Mbezi
Mfamasia umeeleza vizuri lakini neno lako la mwisho ndilo hilohilo: "wanajaribu". Shemeji wa mtu anafanyiwa majaribio, tena kwa kura. Maisha ya mtu yanapigiwa shilingi juu? Ingekuwa ndugu yangu ningemtoa leo.

#7 TakwimuTu
#6 kura ndiyo inayomlinda. Daktari akichagua mwenyewe nani aanze na nini, atawapeleka wenye nguvu upande anaoupenda, kisha tutadanganyana kwamba njia yake ni bora. Na hakuna aliyenyimwa kitu. Ukisoma mpango wa utafiti wao, nadhani ni huu wa SCANDIUM II, kila mgonjwa anapata upasuaji na kila mgonjwa anapangiwa dozi nne za hizo dawa mbili. Kundi moja wanaanza na dozi moja kabla na tatu baadaye, kundi la pili zote nne baadaye.

Lakini nawe #5 usimpe mtu matumaini ya ngozi kwa ugonjwa wa jicho. Kwenye melanoma ya ngozi iliyosambaa, dawa hizi mbili kwa pamoja hupunguza uvimbe kwa karibu wagonjwa 58 kati ya 100. Kwenye melanoma ya jicho, tafiti zilipata 11 mpaka 18 kati ya 100. Jina la familia moja, tabia tofauti kabisa. Hata chanzo cha kijeni ni tofauti: ya ngozi mara nyingi ni jeni ya BRAF, ya jicho ni GNAQ au GNA11.

Na jambo ambalo naona wote mmelipita: utafiti wenyewe ni wa hatua ya kwanza, wagonjwa 18 kwa jumla. Swali lake kubwa ni usalama. Je, mtu akishachomwa dawa za kinga, ini lake litastahimili upasuaji huo? Watu 18 hawawezi kukwambia njia ipi inaokoa maisha zaidi. Kwa hiyo ukiuliza "kwa nini kabla ni bora", jibu ni kwamba bado hakuna aliyesema ni bora.

#8 Binti_Kigamboni
Hapo namba 7 umeshusha nondo. Ila punguza ukali kaka, mwenye uzi ana mgonjwa.

#9 MtuWaTabata
Asanteni nyote. #7 hujaniudhi, nashukuru. Lakini sasa nimechanganyikiwa zaidi. Kama hizo dawa za kinga kwenye kansa ya jicho zinashika kwa watu wachache hivyo, kwa nini wasumbuke nazo kabisa? Si wabaki na upasuaji wa ini tu?

#10 Mwaka_wa_Tano
Shikamooni wakubwa. Mimi nasoma udaktari, nijaribu kumjibu mwenye uzi, na nitapishana kidogo na Mfamasia.

Upasuaji huo peke yake waliupima kwenye SCANDIUM ya kwanza, hukohuko Sweden, wagonjwa 93. Waliopata upasuaji, uvimbe ulipungua kwa asilimia 40 yao. Waliopata tiba nyingine za wakati ule, asilimia 4.5. Ugonjwa ulitulia kwa wastani wa miezi 7.4 dhidi ya 3.3. Mnaona? Unafanya kazi nzuri kwenye ini, ila ugonjwa unarudi. Ndiyo maana wanatafuta cha kuongezea.

Sasa kwa nini dawa za kinga zinashindwa kwenye ugonjwa huu? Hapa kuna maelezo zaidi ya moja. La kwanza, melanoma ya ngozi imeharibiwa na jua, ina makosa mengi sana ya kijeni, seli za kinga zinaiona upesi. Ya jicho ina makosa machache, inafanana na mwili wenyewe. La pili, na hili ndilo naliamini mimi, ni ini. Ini kila siku linapokea damu kutoka utumbo, imejaa vyakula na vijidudu, kwa hiyo limezoea kutuliza kinga. Mwaka 2021 watafiti wa Michigan walionyesha kwa panya kwamba kansa ikishakaa kwenye ini, seli za ulinzi zinavutwa mle na kufia mlemle, mpaka kinga ya mwili mzima inapungua.

Kama hilo ni kweli, hoja inageuka: lisafishe ini kwanza kwa kemo, uondoe kinachoua askari, ndipo uwaamshe. Na uvimbe ukifa unamwaga vipande vyake kwenye damu, navyo vinaiamsha kinga. Kwa maelezo haya kundi la "baadaye" ndilo lenye akili.

#11 Mfamasia_Upanga
Mwaka wa Tano nimekusoma, na hoja ya ini naikubali nusu. Lakini melfalani, dawa inayozungushwa kwenye ini, ni kemo inayoua pia seli nyeupe. Humo ndani ya ini itawateketeza na hao askari waliokwishafika. Ukiwaamsha kabla, wengine wanakuwa wameshatawanyika mwilini, salama.

Na kuna faida nyingine ambayo hatujaitaja. Mgonjwa akichomwa dozi kabla, siku ya upasuaji daktari anachukua kinyama cha uvimbe na kuona kwa macho kama seli za kinga zimeingia. Kwa anayepasuliwa kwanza, ukikata kinyama siku hiyo hakikwambii dawa imefanya nini, kwa sababu hajaipata.

#12 Kaka_Mkubwa_Mbezi
Hapo #11 umesema jambo. Kwamba faida ni ya daktari kupata kinyama cha kusoma. Mgonjwa yeye anapata nini?

#13 TakwimuTu
Swali zuri hilo #12, na ndilo dada wa mwenye uzi anatakiwa awaulize wale madaktari moja kwa moja. Ana haki ya kuuliza na ana haki ya kujitoa siku yoyote bila kunyimwa matibabu. Ipo kwenye fomu aliyosaini shemeji.

#14 MzeeWaMagomeni
Vijana, mimi nina jambo. Mke wa marehemu kaka yangu alitolewa jicho kwa kansa, jicho zima. Alikuwa mzima anatembea, anapika. Haukupita muda mrefu tumbo likavimba, ini likaisha, tukamzika. Mimi naamini kansa ya jicho ikiguswa na kisu inatawanyika. Shemeji wako wasingemgusa lile jicho tangu mwanzo.

#15 Mwaka_wa_Tano
Shikamoo mzee, pole sana kwa msiba ule. Unalosema lilisumbua hata mabingwa. Mwaka 1978 daktari mmoja wa Marekani, Zimmerman, pamoja na wenzake waliandika kwamba huenda kutoa jicho ndiko kunakosambaza kansa, kwa sababu vifo viliongezeka baada ya upasuaji. Ikazua mjadala mkubwa. Ndipo ukafanyika utafiti wa COMS huko Marekani na Canada, wagonjwa 1,317 wenye uvimbe wa kati, nusu wakatolewa jicho, nusu wakawekewa kibati cha mionzi kama cha shemeji. Walifuatiliwa zaidi ya miaka kumi, na vifo vikawa sawa pande zote.

Tunachofahamu sasa ni kwamba kwa wengi mbegu zinakuwa zimeshatoka jichoni kabla hata mgonjwa hajamwona daktari. Kisu kinakuta zimeondoka.

#16 MzeeWaMagomeni
Marahaba mwanangu. Sawa, nimesikia. Lakini waliokufa walikuwa nusu ngapi mimi siwajui, ninayemjua ni huyo mmoja.

#17 Mti_Shamba
Wakuu mnahangaika na Ulaya wakati dawa ziko hapahapa. Mlonge na mwarobaini uliochanganywa na mizizi fulani inasafisha ini ndani ya wiki. Ana bahati shemeji yako kaifahamu Bongo. Njoo DM nikuelekeze, natuma hadi nje.

#18 NesiWaZamu
#17 naomba usimtumie mtu huyo kitu chochote. Nasema kwa uchungu kwa sababu tunawapokea wodini.

Mgonjwa anayechomwa dawa za kinga anapimwa damu ya ini kabla ya kila dozi. Dawa hizi zenyewe zinaweza kuifanya kinga ikalishambulia ini lake. Akinywa mizizi kwa siri, vipimo vikapanda, daktari hatajua ni kansa, ni dawa, au ni hayo mizizi. Atasimamisha tiba yote. Kuna mama mmoja tulimkuta na chupa ya maji ya rangi ya chai chini ya kitanda, imefungwa kwenye kanga, ndugu wanamnywesha usiku tukishabadilishana zamu. Macho yalikuwa ya njano kama binzari, na wiki nzima tulikuwa tunatafuta sababu. Ndugu walimpenda sana yule mama, sina shaka. Walimpenda wakamchelewesha.

Mods naomba #17 aangaliwe.

#19 Kimara_Stopover
Nakazia.

#20 Mama_Junior_Mbagala
Habari zenu. Nimesoma tangu mwanzo, nimelia. Mwanangu wa pili alikutwa na kansa ya jicho kabla hajatimiza miaka mitatu. Tulikuwa tunapiga picha za Idi, kwenye simu jicho moja linatoka jekundu kama kawaida, la pili linatoka jeupe. Jirani akasema ni jicho la paka, mtoto atakuwa anaona usiku. Shangazi yake akasema hapana, nendeni hospitali. Jicho lilitolewa, akapewa kemo, leo yuko darasa la pili na anawashinda wenzie hesabu. Sasa nauliza, na yeye inaweza kumwendea kwenye ini? Hakuna aliyewahi kuniambia nimpime ini.

#21 NesiWaZamu
Hongera sana dada, na mshukuru huyo shangazi. Ya mwanao inaitwa retinoblastoma, ni ugonjwa mwingine kabisa na huu wa shemeji wa Tabata. Inaanzia kwenye retina, inawapata watoto wadogo, wengi chini ya miaka mitano. Ikitoka nje ya jicho kwa kawaida inafuata mshipa wa fahamu kwenda kwenye ubongo, au inaingia kwenye mifupa. Kikubwa kwako: usikose kliniki zake, na wadogo zake wote wachunguzwe macho kwa sababu aina nyingine ni ya kurithi.

Na wengine mnaosoma: mtoto akitoa mng'ao mweupe jichoni kwenye picha, au makengeza yakaanza ghafla, kesho yake asubuhi hospitali. Muhimbili na CCBRT wana madaktari wa macho, KCMC Moshi pia. Ikiwahiwa inapona.

#22 Mama_Junior_Mbagala
Asante dada, Mungu akubariki. Mdogo wake nampeleka wiki hii.

#23 Konda_wa_Gerezani
Na sie bodaboda? Nina nyama inaota pembeni ya jicho kwenye weupe, vumbi na jua kila siku.

#24 Mwaka_wa_Tano
Mara nyingi hiyo ni kinyama cha kawaida kinacholetwa na jua na vumbi. Ila huku kwetu Afrika Mashariki kansa ya juu ya jicho, kwenye ule utando mweupe, tunaiona zaidi kuliko hiyo ya ndani, hasa kwa wenye VVU. Kikianza kukua haraka au kubadilika rangi, kikatwe na kipimwe maabara. Vaa miwani ya jua ukiwa barabarani mkuu, hata zile za Kariakoo ilimradi zinakinga mionzi.

#25 Kaka_Mkubwa_Mbezi
Turudi kwenye hela. Hizi dawa za kinga mtu wa Mbagala anazipataje? Sweden mgonjwa halipi dozi, kodi inalipa. Hapa bima yenyewe ukiitoa dirishani unaangaliwa usoni kwanza. Tunalipa tozo kila kona...

#26 Binti_Kigamboni
Nilijua tu! Kaka Mbezi kila uzi lazima uufikishe kwenye tozo. Hata ule wa mapishi ya pweza ulifika huko.

#27 Kaka_Mkubwa_Mbezi
Pweza mwenyewe ana tozo dada yangu.

#28 NesiWaZamu
Lakini swali lake ni la kweli. Nimeona familia imeuza kiwanja, imefungua kundi la WhatsApp la michango, dozi ya kwanza ikapatikana, ya pili ikapatikana nusu. Dawa za namna hii kuanza na kuishia katikati inauma kuliko kutoanza. Mimi ningependa siku moja mgonjwa wa hapa naye apigiwe kura kwenye utafiti mzuri, apewe dozi bure na afuatiliwe. Watu wanaogopa neno utafiti, na mimi naona foleni ya watu ambao hakuna utafiti unaowahitaji.

#29 Sinza_Kijiweni
Mbona hamtaji tebentafuspu? Hiyo ndiyo dawa rasmi ya kansa ya jicho iliyosambaa, Marekani waliipitisha Januari 2022. Ipo dawa ya kazi, kwa nini wanamzungusha shemeji kwenye majaribio? Adai hiyo.

#30 TakwimuTu
#29 dawa ipo na inafanya kazi: baada ya mwaka mmoja, waliopewa asilimia 73 walikuwa hai, wenzao asilimia 59. Lakini haimfai kila mtu. Inafanya kazi kwa mwenye aina fulani ya alama kwenye seli zake, HLA-A*02:01. Kwa Wazungu ni karibu nusu ya watu, kwa Waafrika ni wachache zaidi. Kama shemeji hana alama hiyo, kuidai ni kujisumbua. Mwenye uzi, dada aulize kama kipimo hicho kilifanyika na majibu yalikuwaje.

#31 MtuWaTabata
Wakuu nimerudi. Nimemsomea dada maswali yenu kwa simu, akaenda nayo yameandikwa kwenye karatasi. Nitawapa kama alivyonipa.

Alama ile ya #30 walimpima, hana. Kwa nini kabla? Daktari aliwaambia wana sababu za kudhani kinga itaamka vizuri zaidi uvimbe ukiwepo, lakini akasema wazi hawezi kuwaahidi, na kwamba kundi la pili si kundi la walioonewa. Kuhusu kuchelewa, akasema ni dozi moja tu kabla ya upasuaji, na muda huo ungepita hata hivyo kwenye vipimo vya kuandaa upasuaji mkubwa kama ule. Akaongeza kwamba wanachohofia wao si uvimbe kukua katika muda huo. Wanahofia dawa ikiwasha ini mpaka upasuaji uahirishwe.

Hilo la mwisho ndilo limemfanya dada asilale tena.

#32 NesiWaZamu
Kaka, huyo daktari kawaheshimu, mwambie dada hivyo. Angewaficha asingelitaja.

Sasa aandike haya abandike kwenye friji. Kuharisha mara nyingi kwa siku, si tumbo la kawaida, apige simu hospitali siku hiyohiyo. Macho kuwa ya njano, mkojo wa rangi ya chai, kuwashwa mwili mzima. Kukohoa na kukosa pumzi. Kichwa kuuma kusikoisha na uchovu wa kupitiliza, tezi zinaweza kuwa zimeguswa. Kwenye melanoma ya ngozi zaidi ya nusu ya waliopata dawa hizi mbili pamoja walipata madhara makali, kwa hiyo asione aibu kupiga simu usiku. Madhara mengi yakiwahiwa yanatulizwa kwa steroidi. Wanaoumia ni wanaovumilia. Na wanaume wa umri wake wanavumilia sana, amwangalie yeye asisubiri aseme.

#33 Mwaka_wa_Tano
Naongezea kwenye ule mjadala wetu. Uholanzi, Leiden, kuna utafiti unaitwa CHOPIN, wagonjwa 76. Wao hawafungui tumbo, wanapitisha mrija kwenye mishipa na kuchuja damu ya ini nje ya mwili, dawa ni melfalani ileile. Nusu wakapata hiyo peke yake, nusu wakaongezewa dawa mbili za kinga, ipilimumabu kwa dozi ndogo. Matokeo yalitangazwa 2025: baada ya mwaka mmoja asilimia 54.7 ya waliochanganyiwa ugonjwa ulikuwa haujasonga, dhidi ya 15.8. Kwa hiyo kuchanganya kuna maana. Mimi nasimama palepale, kulisafisha ini ndiko kunakoifungulia njia kinga.

#34 Mfamasia_Upanga
Mwanafunzi wangu, angalia vizuri ratiba yao. Dawa za kinga hazikusubiri ini limalize kusafishwa, zilikwenda sambamba. Huwezi kuutumia ushahidi huo kusema "baadaye". Unasema "pamoja" tu.

#35 Mwaka_wa_Tano
Na wewe mkubwa wangu huwezi kuutumia kusema "kabla".

#36 TakwimuTu
Mmefika nilipokuwa namba 7.

#37 Kaka_Mkubwa_Mbezi
Tabata, mimi nilisema ningemtoa. Baada ya namba 31 sisemi tena hivyo, ila nisingekubali bila lile jibu la daktari. Ikiwa mchango wa nauli mama aende kumwona mwanawe, fungua namba tuchange.

#38 MtuWaTabata
Ubarikiwe kaka. Mama anasema haendi kwenye baridi, shemeji akipona aje yeye. Lakini paspoti nimemkuta anaitafuta kabatini. Nitawajulisha.

#39 Binti_Kigamboni
Samahani kwa kuchomekea. Bibi yangu ana doa jeusi kwenye ile sehemu ya kahawia ya jicho, analo siku nyingi, anaona vizuri tu. Nesi, nimwache au?

#40 NesiWaZamu
Usimwache na usimtishe. Madoa hayo mengi hayana neno, ni kama baka la ngozi, na melanoma ya ndani ya jicho kwa Waafrika ni nadra. Mpeleke kwa daktari wa macho wamwekee matone ya kupanua mboni waangalie mpaka nyuma, wampige picha ya doa, na arudi baada ya miezi kadhaa walinganishe kama limekua. Matone yanafanya macho yasiweze jua kwa saa chache, kwa hiyo mbebee kofia na asirudi kwa daladala peke yake.

#41 Binti_Kigamboni
Asante dada. Miadi inachukuliwa mapokezi au lazima rufaa?

#42 Kimara_Stopover
Kwa bima anza kituo cha karibu wakuandikie rufaa. Kwa pesa mkononi nenda moja kwa moja, wahi asubuhi kabla ya saa moja.